Kura Ndani ya Kofia

Mgongo wangu niliutia kwenye kofia za watu.
Tundu kwa tundu, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe,
miaka ishirini na moja barazani kwetu Limbani,
shingo imetangulia mbele kama ya kobe anayenusa mvua,
na huku nyuma, baina ya makombe ya mabega,
figa moja la moto limekaa, halipoi.

Wifi yangu Zuwena naye vivyo hivyo.
Tukipita sokoni Wete watu husema:
hao, wameangusha shilingi.

Akaja Msellem, kijana wa viungo pale hospitali,
anataka kujua lipi bora, utepe au mazoezi.
Wanawake thalathini, wiki sita.
Alivua kofia yake, akatia vikaratasi, akaitikisa.
Mimi kwanza nikaitazama kofia:
viua vile navijua, nilivishona mwenyewe
mwaka ule figa lilipoanza kuwaka.
Nikachomoa: UTEPE.
Zuwena akachomoa: MAZOEZI. Akasonya.

Akatupima kabla. Simama mguu mmoja, fumba macho, tuhesabu.
Nilifika saba, nikamdaka nesi Shemsa.
Zuwena alifika tano,
akasema sakafu ya serikali imepinda.

Utepe, jamani!
Wa buluu, kama wa kufungia zawadi ya harusi.
Nesi alifunga pazia, akanivuta mabega nyuma,
akabandika toka begani mpaka ubavuni,
huku na huku, mkasi uliofunguka.
Niliingia wau, nikatoka alifu.
Kila nikiinamia sindano ngozi ilinivuta,
kama mama anayekufinya msibani usicheke.
Siku tatu nililala usingizi wa mtoto.
Ya nne, kwa jasho, ncha zikainuka,
zikaokota vumbi na vipande vya uzi.
Ulipobanduliwa niliita majina ya wazee wangu wote,
na wau akarudi mahali pake, hata hodi hakupiga.

Zuwena yeye kapewa ukuta.
Visigino, makalio, kisogo, vyote viguse.
Pandisha mikono, teremsha polepole,
bana makombe kana kwamba katikati
umeficha karafuu moja, isidondoke.
Mara kumi, halafu kumi, halafu kumi tena.
Mpira wa baiskeli kaufunga nondo ya dirisha, anauvuta.
Watoto wa skuli wakichungulia humwuliza
nani kamnyooshea bunduki.
Wiki ya kwanza alilia.
Wiki ya tatu chokaa ya ukuta ilikuwa na madoa mawili,
pale viwiko vinapopanda na kushuka,
naye haniambii tena kama anaumwa.

Sasa niseme la kusema.
Usiku mmoja wa wiki ya nne, umeme umekatika,
nilijikuta nimeegemea ukuta ule,
viwiko vyangu ndani ya madoa yake.
Na asubuhi yake nilimfumania
na kipande changu cha utepe, cha akiba,
kajibandika kombo, mkono haufiki.
Tukatazamana.
Tukacheka hadi figa likauma.
Maskini Msellem: thalathini wake
wamekuwa ishirini na wanane, na wezi wawili.

Wiki ya sita. Mguu mmoja, fumba macho.
Zuwena kumi na tisa. Mimi kumi na nne.
"Hukufanya jengine lolote, Bi Raya?"
"La," nikajibu, nimesimama wima kabisa;
sikujua kama uongo nao unataka mgongo.
Akaandika. Kalamu yake haikusita.
Nilitamani kumwambia, kisha nikaiona ile kofia kichwani,
imekaa sawa, haielei huku wala kule,
nikanyamaza.

Utepe hospitali umekwisha, wanasema mpaka mwezi ujao.
Ukuta upo.
Alfajiri naweka maziwa jikoni,
nanyanyua mguu, nafumba macho,
karafuu yangu nimeibana nyuma, nahesabu.
Leo nilikuwa ishirini na mbili,
au tatu,
maziwa yalipofurika.