Dirisha la Tatu, Kaskazini

Mbao zake zimesimama wima, hazikulazwa,
kila kiungo kimefunikwa kwa papi nyembamba,
ndiyo maana ukilitazama kanisa la Corliss kutoka barabarani
unadhani limevuta pumzi na bado halijaitoa.

Paa ni kali. Si pambo:
theluji ya Wisconsin haina adabu,
hukaa juu ya nyumba ya mtu mpaka imvunje mgongo.
Orrin Stallard alilijua hilo. Alikuwa mjenzi wa maghala ya nyasi,
hajawahi kujenga mnara,
na michoro aliletewa kwa posta,
kurasa mbili zimelowa.
Palipolowa, alibuni.

Hivyo altare iko mahali pake, na ncha za madirisha hukutana
kama viganja vya mtoto anayeombea chakula
huku jicho moja liko kwenye sahani;
lakini ngazi ya kwenda kwenye kengele ni ngazi ya ghala,
na mlango wa nyuma
ng'ombe angepita bila kuinama.

(Mlango wa mbele ni mwekundu. Waepiskopali wanaupenda mwekundu.
Nimewauliza watu watano sababu, nikapata majibu sita.)

Vioo vya rangi vilikuja kwa treni, 1879, masanduku sita.
Matano yalifika salama: Luka na fahali wake,
Marko na simba anayefanana na mbwa wa jirani…
La sita lilipofunguliwa lilimwagika kama dengu.
Orrin akaweka kioo cheupe cha dukani. Kwa muda, alisema.

Nimesoma kumbukumbu za baraza.
1880: dirisha la tatu, kaskazini, tutaagiza mwakani.
1881: tutaagiza mwakani.
1893: kinu cha mbao kimefungwa. Tutaagiza.
1918: majina kumi na moja, na neno homa.
Baada ya hapo dirisha halitajwi,
kama deni la ndugu kwa ndugu.

Mwaka huu Winifred Aldous amekufa, akatuachia fedha.
Tulikaa tisa ukumbini, kahawa na keki ya ndimu.
Kasisi Hollis akatandaza mchoro: Simeoni mzee, kambeba mtoto.
Buluu yake ilinikata kauli.
Mikono minane ikapanda.

Verna Tillotson hakunyoosha.
Yeye ndiye mvuta kamba ya kengele, miaka arobaini,
na pale anaposimama, kupitia kioo kile chenye mawimbi,
huona duka la vyuma, nguzo ya simu,
na kijia kinachopanda kutoka mtoni.
"Mkimweka Simeoni," alisema, akikunja leso ya karatasi mara nne,
"nitamwonaje anayechelewa?"

Delbert, ambaye huchelewa kila Jumapili
tangu alipoanza kujivalisha mwenyewe kwa mkono mmoja,
alitazama viatu vyake.

Kura ikarudiwa. Fedha zikaenda kwenye paa.
Nami, katibu, nikachovya kalamu ya mawazo yangu
kwenye wino wa wote walionitangulia:
dirisha la tatu, kaskazini,
tutaagiza mwakani.