Mkono wa Kushoto

Juma zima kabla mkaguzi hajaja
niliwafunza wasichana wangu mikono.
Si kemia. Mikono.
"Nikiuliza, nyote nyoosheni.
Anayejua, wa kulia.
Asiyejua, wa kushoto, na asiogope,
sitamwita."
Wakacheka. Nami nikacheka,
maana hata mimi nilifunzwa hivyo, Nizwa, mwaka wangu wa kwanza,
na aliyenifunza sasa ana ofisi Maskati
na zulia linalomeza nyayo.

Miaka kumi na mitatu ubaoni.
Fomu ya ukaguzi nimeijaza mara tatu,
mara mbili imerudi,
na kila iliporudi madaftari yalivuja wino mwekundu,
Asila akakemewa kwa kalamu iliyoanguka
kama kwamba ni yeye aliyeninyima cheo.
Wanafunzi hawaijui fomu.
Siku iliporudi wanaijua.

Badriya wa jiografia hana fomu yoyote.
Hataki Maskati, hataki zulia,
ataka saa saba na nusu ifike.
Huwapa ukurasa, hukaa, huchambua tende,
mbegu anazipanga kwenye ukingo wa ramani ya dunia.
Basi msiniambie tamaa peke yake ndiyo ubaya.
Kuna darasa huungua,
na kuna darasa huwa halijawekwa motoni.

Siku ile Ibra iliamka na vumbi.
Kiyoyozi kilikohoa. Nimevaa abaya mpya,
nimejifukiza udi hadi kalamu inanukia.
Mkaguzi akakaa nyuma, faili magotini.
Nikauliza habari za asidi,
mikono ikachipua, thelathini na mmoja,
nikachuma ya kulia tu.
Kila jibu lilikuja limeiva.
Hata karatasi ya litmasi iligeuka nyekundu kwa wakati wake,
utadhani nayo ilifanya mazoezi.

Dirishani, Rayya binti Khalfan,
mkono wa kushoto juu.
Dakika arubaini hakuushusha;
ulipochoka aliuegemeza kwa wa kulia
kama boriti na nguzo yake.
Nikampita.
Nikampita tena.

Kengele. Mkaguzi akasema mashaallah, akaandika.
Rayya akabaki nyuma ya wenzake,
akanisemesha kwa Kiswahili cha bibi yake,
kile cha siri, cha jikoni:
"Mwalimu, mie nina mashoto.
Nilikuwa najua."

Barua ikaja mwezi wa Shaabani.
Nyumbani wakapika halwa.

Sasa ni mimi ninayekaa nyuma,
Sinaw, Bidiya, Mudhaibi,
faili magotini.
Leo mwalimu ni kijana, udi umemzidi,
anauliza swali na macho yake yako kwangu.
Mikono yote iko juu.
Nahesabu ya kushoto: kumi na tisa.
Mmoja wao, sijui yupi, huenda anajua.
Mbele ya neno "Ushiriki" kalamu yangu imesimama,
na wino, kwa kusubiri,
umeanza kufanya doa.