Kwa Kopo

Mwezi wa kwanza nilichukua kaa moja la mbabula
nikaandika nyuma ya mlango, kwa herufi zenye mabega:
MWAKA HUU NITAKUWA WA KWANZA.
Cikuru, mdogo wangu, akasoma kwa sauti, akauliza:
"Wa kwanza kufanya nini?"
Nikamrushia kandambili.

Buletini ya Desemba ilikuwa chini ya godoro,
kemia tisa juu ya ishirini, imepigwa mstari mwekundu,
na mstari ule niliulalia kila usiku
kama mtu aliyelalia kijiti cha kiberiti.

Wiki tatu niliyatazama yale maneno.
Yalinitazama pia.
Daftari la kemia likabaki jeupe kama shati la Jumapili.
Lengo lilikuwa kubwa, sikujua pa kulishika:
kabati lisilo na vishikio
linalopandishwa ngazi za udongo za Kadutu, mvua ikinyesha.

Jumamosi moja nilimsaidia mama sokoni.
Beseni la sambaza mbele yetu, inzi, kelele, matope.
Akaja mwanamke mwenye haraka:
"Mama Nabintu, beseni hili lote litaisha saa ngapi?"
Mama hakuinua hata uso. Alikuwa anajaza kopo,
anagonga kitako chake, anasawazisha kwa kiganja.
"Beseni silijui," akasema. "Mimi ninauza kopo.
Unachukua ngapi?"

Hakuwa akisema nami. Nataka hilo lieleweke.
Mama hana muda wa mafumbo, ana deni la jana.
Lakini mimi niliganda na mfuko mkononi
hadi akanipiga kiwiko: "Nabintu, chenji!"

Usiku ule nilifuta mlango kwa kitambaa chenye maji.
Kaa halifutiki vizuri. Juu ya kivuli chake nikaandika, kwa herufi ndogo:
Jumatatu, kabla umeme haujakatika, milinganyo mitano.
Kusawazisha tu. Ukurasa wa arobaini na mmoja.

Jumatatu umeme haukuja hata wa kukatika.
Nikafanya mitatu kwa tochi ya simu ya Cikuru,
aliyenitoza nusu ya andazi.
Mkono uliniwasha kuandika "mitano".
Nani angejua? Mlango hausemi.
Nikaandika mitatu.
Jumanne mitatu.
Jumatano bati lilivuja juu ya daftari: mmoja.
Alhamisi nikakubali kwamba tano ilikuwa namba ya kujionyesha.
Tatu ndiyo kopo langu.

Na ule uliokataa, wa chuma na oksijeni,
niliubeba hadi kwa mwalimu Ntaboba,
si kumwambia "kemia sielewi," kama nilivyozoea,
bali kumwonyesha kwa kidole:
"Hapa. Hii tatu imetoka wapi?"
Alivua miwani, akaifuta kwa tai.
"Hatimaye," akasema, "umeniletea swali linaloenea mkononi."

Sasa ni mwezi wa tatu, Pasaka inakaribia.
Sijui kama nitakuwa wa kwanza;
Bisharwa wa Nguba anasoma kama anayekimbizwa.
Mlango wetu umejaa vijistari, vingine vimepinda,
na kuna siku mbili tupu, za malaria. Sikuzijaza.
Ukisimama pembeni, mwanga wa dirisha ukiingia,
yale maneno makubwa bado yanaonekana chini yake,
yamefifia kama ng'ambo ya ziwa asubuhi yenye ukungu.
Siyachukii. Yapo.

Jana nilimaliza mitatu, na kibatari bado kilikuwa na mafuta.
Nikafanya wa nne.
Sikuuandika mlangoni.
Huo ni matabishi,
kama vile visamaki viwili ambavyo mama hutupia juu
mteja akiwa ameshaanza kufunga mfuko.