Safu ya Chapa

Kitabu cha geti, jengo letu la Upper Hill, kina safu tano:
tarehe, jina, saa, rangi, chapa.
Bwana Lokwawi, askari wa zamu ya asubuhi,
hapendi safu tupu.
"Kila chombo kina aliyekitengeneza," anasema,
na kunisogezea kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Niliinunua Kariobangi, kwenye mizani ya vyuma chakavu,
kilo kumi na moja na nusu,
pamoja na ringi moja isiyo yake.
Muuzaji alisema ni ya Mwitaliano.
Nilipoanza kuondoka ikawa ya Mwingereza.
Nilipofika barabarani ikawa bei nafuu tu.

Nikaikwangua jikoni, juu ya magazeti.
Rangi ya kwanza, bluu ya milango ya maduka;
chini yake kijivu; chini yake
kijani iliyoiva kama parachichi;
kisha chuma. Herufi, hata moja.
Shingoni, matundu mawili madogo
palipokuwa na nembo:
masikio yaliyotobolewa, hereni zikauzwa.
Na kule chini, pedeli zinapozungukia,
tarakimu. Saba, sufuri, tatu,
na labda moja,
labda jiwe la barabarani.

Bwana Harjit wa Ngara, aliyeuza baiskeli
kabla hajaanza kuuza vigae,
alivaa miwani, akafungua kikombe cha gololi cha upande wa kulia.
Kilifunguka kinyume, kama mtu anayekaza.
"Nyuzi za Kiingereza," akasema. Nikafurahi.
"Ila hata Wajapani walizikata hivi. Na Wahindi."
Furaha ikarudi mfukoni.
Akapima bomba la kiti: ishirini na saba nukta mbili.
"Chuma chembamba hiki. Aliyekiunga hakuwa na haraka."
Hilo si jina, nikamwambia.
"Si jina," akakubali, akanitoza mia mbili.

Kamukunji, ambako nyundo zote huongea kwa pamoja
na hakuna inayosikilizwa,
fundi Ndambuki hakuuliza chapa.
Alifumba macho, akapitisha kidole gumba
kwenye viungo, kimoja baada ya kingine:
cha usukani, kilichochongwa ncha kama jani la chai;
cha kiti, vilevile, jani lilelile.
Kwenye kiungo cha pedeli, nyuma, upande wa mnyororo,
kidole kikasimama.

Pale shaba ilikuwa imemwagika:
tone nene, limepigwa tupa nusu, kisha likaachwa.
Na bomba lenyewe, alipoligonga kwa spana,
halikulia kama wenzake.
"Hili ni la maji."
La maji?
"La nusu inchi. Lilitoka kwenye bafu la mtu."

Akanyamaza kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai.
"Mwaka wa unga wa manjano," akasema,
"tulikuwa na mwalimu mkali hapa.
Aliyepoteza shaba alilala na njaa.
Mimi nililala na njaa sana."
Sikujua kama hilo lilikuwa jibu.
Nikamwuliza: ni wewe?

Akachukua tupa.
Akaanza kulimaliza lile tone, polepole,
mkono mmoja ukishika, mwingine ukienda na kurudi.
Nilitaka kumzuia. Ilikuwa ndiyo saini pekee
tuliyoipata mwezi mzima.
Lakini alikuwa ameshafika mbali,
na vumbi la njano lilikuwa juu ya viatu vyangu,
na uso wake, sijui niseme nini,
ulikuwa kama wa mtu anayelipa deni
ambalo mwenyewe amesahau kulidai.

Asubuhi niliandika kwenye safu ya tano:
*Ndambuki, nusu. Aliyebaki bado.*
Bwana Lokwawi akasoma mara mbili.
"Hiyo ni kampuni ya wapi?"
Akainyanyua kwa mkono mmoja, kama apimavyo jogoo sokoni,
ikainamia nyuma, kulia.
"Nyepesi," akasema.
"Isipokuwa hapa."