Sekunde Nne

Mimi ndiye niliyekata tiketi mlangoni,
dola mbili kwa mwanamume, wanawake bure kabla ya saa tatu,
ukumbi wa Gantt, barabara ya kiwandani, kusini ya Beaumont.
Sakafu ya msonobari, unga wa randa umenyunyizwa buti ziteleze,
na nje, ng'ambo ya mfereji, moto wa kiwanda cha mafuta
ukiwaka juu ya bomba lake usiku kucha
kama taa ya choo ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima.

Walikuja mafundi wa mabomba, wachomeleaji, wake zao,
na harufu ya salfa iliyoshinda kila sabuni.
Walicheza kinyume cha saa, siku zote kinyume cha saa,
hatua mbili za haraka, mbili za kuburuta,
mkono wa mume nyuma ya shingo ya mke
kama aliyebeba ndoo na hataki imwagike.

Verlon wangu alipiga gitaa la chuma,
lile linalolazwa kama meza, kanyagio chini,
magoti yanahangaika kama ya mshona cherehani.
Watu husema linalia. Halilii.
Ni mtu anayeanza kusema samahani
akalivuta neno, akalivuta,
asilimalize.

Mwaka wa themanini kofia zikawa fasheni.
Wakaja makarani wa benki kutoka Houston,
jinzi zimepigwa pasi hadi zikatoa makali,
unyoya wa tausi kofiani,
watu ambao ng'ombe walimjua sahanini tu.
Gantt akanunua fahali wa mota,
akamfunga pale wazee walipokuwa wakicheza domino,
magodoro pande zote, dola tatu kupanda,
na mpiga fidla wetu, Alcide Thibodeaux,
akaambiwa Alhamisi kwamba Ijumaa asisumbuke.
Kikaletwa kinanda cha umeme.
Kilikuwa na kitufe kimoja chenye fidla ishirini ndani.

Kipya kinyemi ingawa kidonda.
Na niseme kweli maadamu Verlon hajaamka:
nilizipenda zile nyimbo.
Laini, zimepakwa siagi kingo zote,
mwanamke anaachwa na nywele hazimtimki.
Nilikuwa nikihesabu noti huku mguu wangu
ukiniasi chini ya meza.
Usiku mmoja nilicheza na karani wa bima.
Alinukia limau. Alinikanyaga mara mbili,
akaomba radhi mara tano.

Kisha Verlon akaitwa Nashville, kazi ya siku moja.
Alikwenda kwa basi na gitaa lake kwenye sanduku
refu kama jeneza la mtoto.
Aliporudi alikula kwanza, akaosha sahani, ndipo akasema:
"Waliniambia nipunguze. Nikapunguza.
Wakaniambia nipunguze tena."
Ule wimbo ulipanda hadi ukapigwa kwa daktari wa meno.
Yeye yumo, baada ya kiitikio cha pili,
nyuma ya fidla zote zile,
sekunde nne. Nimezipima kwa saa ya jikoni.

Fahali aliuzwa kwa mtu wa Lufkin. Alikuwa na kutu tumboni.
Manyoya ya tausi yalikwenda yanakokwenda manyoya.
Alcide alizikwa Machi, mvua ikinyesha, hakuna aliyepiga chochote.
Ukumbi sasa unauza matairi,
na ukiingia polepole, ukitazama chini karibu na kaunta,
utaona duara, mbao zimeliwa na visigino,
kinyume cha saa.

Jumanne, dukani, tuko kwenye majokofu ya mboga.
Wimbo unatoka darini, sauti ndogo, hakuna anayeusikiliza.
Verlon ana mfuko wa njegere mkononi, mlango wa jokofu u wazi,
mvuke baridi unampanda hadi miwani.
Anainua kidole kimoja.
Nanyamaza. Goti lake la kushoto linasogea,
kidogo tu, kwenda nje, kama zamani.

Kisha anafunga mlango,
na kuniuliza tumekuja kununua nini.