Seli Nane

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, machinjioni,
Mihambo hunitilia ovari sita kwenye chupa ya chai,
maji ya chumvi, vuguvugu. "Haya, daktari wa maiti."
Simjibu. Nakanyaga baiskeli hadi Ipuli.

Jumamosi yai na mbegu vimekutana.
Jumapili, chini ya darubini: moja.
Jumatatu mbili, kisha nne,
na siku zote hizo hakuna aliyesema neno.

Kiinitete kinagawanyika, ndiyo, lakini si kwa kauli yake.
Kinafuata maneno ya ng'ombe aliyekwisha kuliwa,
jumbe alizoandika mapema akazifungia ndani ya yai,
ng'ombe ambaye supu yake imenywewa stesheni
na abiria wa treni ya Kigoma.
Gawanyika. Subiri. Gawanyika tena.
Jeni za baba zimo, za mama zimo,
zimekunjwa kama kitenge kipya
kilichokakamaa kwa wanga, hakijafuliwa, hakijavaliwa.

Mama aliniachia daftari la kurasa tisini na sita.
Chumvi kiasi gani. Nani anatudai.
Asali ya Sikonge usiichemshe.
Kideri kikiingia, uza kuku mapema.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja; nilipika kwa mwandiko wake.
Kurasa nyingine zililiwa na panya,
na moja niliichana mwenyewe, asubuhi ya mvua, kuni mbichi,
nikawashia moto. Sikulia.
Chumvi nilikuwa nimekwisha kuijua.

Jumanne usiku umeme umekatika.
Nimekivika kiatamizi blanketi la kitandani kwangu,
nasoma kipimajoto kwa tochi ya simu:
thelathini na nane nukta tano. Nukta tatu. Nukta moja.
Vingi huishia hapa hapa, kwenye seli nane:
masurufu yamekwisha, sauti haijatoka,
vinabaki duara, vizuri, kimya,
hadi vinaoza.

Taa inawaka. Naweka jicho.
Ningependa kusema niliona cheche.
Hakuna kitu cha kuona.
Najua tu kwamba mle ndani wanga unalainika,
vimeng'enya vinatafuna barua za mama herufi kwa herufi,
na mahali fulani jeni inanakiliwa
kwa mara ya kwanza tangu dunia iwe dunia,
kwa mwandiko wake, mbaya, wa kwanza.

Jumatano: kati ya ishirini na viwili,
tisa vimefika kumi na sita.
Naandika tisa. Kalamu inakwaruza.
Mihambo anapiga simu: "Ijumaa unakuja?"
Chupa bado sijaiosha.