Njia ya Nne

Toka Saiq nateremka na gia ya pili,
breki zanuka, makomamanga yagongana nyuma.
Birkat al-Mauz askari atazama matairi,
anipungia mkono: haya, shuka.

Sumail, barabara yapanuka.
Hapa hupunguza mwendo, siwezi kujizuia:
chini ya njia ya nne
imelala mitende ya mama, kumi na mitatu,
na mmoja dume.

Serikali ililipa, haikudhulumu.
Mama alitia saini, akamuuliza karani:
"Na kivuli, mmekipimaje?"

Lori la nyuma lanipigia honi.
Naenda.

Barka. Chumvi puani, jua limekaa utosini.
Mnunuzi abonyeza tunda, akunja uso:
"Umechelewa, Sleyum. Ulikuwa wapi?"

"Kivulini," namwambia.
Naye acheka, kwa joto lile.